Gari Lililopita Bila Honi

Saa nane mchana Mika angepandishwa kortini, na asubuhi hiyo ya Jumatatu hapakuwa na mtu mjini Arusha aliyeona sababu ya kungoja hata hiyo saa nane. Inspekta, Mzungu mwembamba aliyependa mambo yaishe mapema, alikuwa amekwisha funga jalada na kuagiza chai. Mzee wa Kiarusha aitwaye Kisioki ameokotwa jana kando ya njia ya Akheri, mkono umevunjika. Alama za matairi membamba zinatoka pale alipokutwa hadi bandani kwa Mwalimu Nathanaeli. Bandani lipo gari kuukuu lenye tope bichi, na dereva wa gari hilo amekutwa na ufunguo wake mfukoni. Amegonga mtu akakimbia. Kijana atakwenda jela, na usukani hataushika tena.

"Kesi nyepesi kama hii haipatikani mara mbili, Sajenti," alisema Inspekta. "Mzee mwenyewe hasemi kitu, lakini matairi yamesema."

Sajenti Dismasi alipiga saluti, akatoka, na badala ya kwenda mezani kwake akaelekea mahabusu. Gari lile alilijua, na hakupenda lisemewe na matairi peke yake.

Nani wa umri wake asiyelijua? Dismasi alikuwa bado anachunga ndama kule Olmotonyi lilipofika kwa mara ya kwanza, limembeba daktari Mjerumani wa misheni na mkoba wake wa dawa. Turubai lilikuwa limekunjwa nyuma, na mbele kulikuwa na taa mbili za shaba zilizong'arishwa mpaka mtoto aliweza kujiona meno. Usukanini alikaa Ndesanjo, Mmeru wa Akheri, kepi imenyooka kichwani, haangalii kushoto wala kulia. Pembeni yake alikaa utingo mrefu ambaye watoto hawakuwahi kulijua jina lake. Wakati wa kuondoka huyo utingo ndiye aliyeruka chini na hendeli, lile chuma lililopinda, akalichomeka puani mwa gari na kulizungusha, na injini ilipoitika watoto wote walipiga makofi. Dismasi alikuwa ameona mambo mengi tangu hapo, na vita pia, lakini makofi yale bado aliyasikia.

Kisha vita vikaja, daktari akachukuliwa na Waingereza na hakurudi, gari likabaki kwa Ndesanjo. Tangu hapo lilipeleka maharusi kanisani, wagonjwa hospitali na majeneza makaburini, na mtu wa Akheri ambaye hajawahi kukalia viti vyake kwa sababu moja au nyingine alikuwa mgeni. Sasa ulikuwa mwaka wa hamsini na tano, Ndesanjo amezeeka, gari liko mikononi mwa mwanawe, Mwalimu Nathanaeli, na dereva alikuwa Mika, kijana aliyejulikana mtaa mzima kwa kupenda honi. Alipigia honi kuku, alipigia honi migomba.

Leo alikuwa ameketi sakafuni, kimya.

"Jana watu walipokuwa kanisani, ulikuwa wapi?" Dismasi aliuliza.

"Nimelala, afande. Jumamosi tulipeleka bibi harusi Usa, tukarudi tumechoka."

"Nani alikuona?"

"Aliyelala anaonwa na nani, afande?"

"Huu ufunguo uliokutwa nao ni wa nini?"

"Wa swichi ya betri. Mwalimu aliifungisha mwezi uliopita. Ukigeuza ufunguo ukauchomoa, betri imekatika. Hakuna taa, hakuna honi, hakuna stata. Gari limekufa."

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Mmoja wangu, mmoja wa Mwalimu."

"Na Mwalimu alikuwa wapi?"

"Mbele ya kanisa, anaongoza kwaya. Washarika wote walimwona."

Dismasi alimtazama. "Unajua kwamba unajifunga mwenyewe kwa maneno yako?"

"Najua, afande." Macho ya Mika yalijaa machozi, akayafuta haraka kwa kiwiko. "Lakini ndivyo ilivyo. Nikisema ufunguo uliibwa, nitakuwa nimesema uongo, na gari sikulitoa."

Mtu mwongo angekwisha kumtafuta mwizi wa ufunguo. Dismasi aliondoka mahabusu akiwa na jambo hilo moja tu kichwani, na jambo moja halimtoi mtu kortini.

* * *

Hospitalini Kisioki alikuwa amekaa kitandani, shuka lake jekundu limemzunguka kifuani, mkono wa kulia umefungwa vibao. Dismasi aliinamisha kichwa kama anavyofanya mtoto wa Kiarusha mbele ya mzee, na Kisioki akakigusa kwa mkono wa kushoto.

"Mwana wa nani wewe?"

"Wa Lemayian, wa Olmotonyi."

"Namjua. Mkaidi."

"Ndiye huyo, baba. Gari lilikugonga wapi?"

"Mkononi."

"Na bega?"

"Bega zima."

"Mbavu? Goti?"

"Mungu alinilinda."

Dismasi aliliangalia shuka. Jana ilinyesha mvua, na njia ya Akheri ilikuwa tope tupu. Ncha ya chini ilikuwa imechafuka kama ya mtu yeyote aliyetembea, lakini mgongoni na ubavuni shuka lilikuwa safi. Gari gani hili lililomvunja mtu kifundo cha mkono bila kumlaza chini?

"Nani alikuwa anaendesha, baba?"

"Sikuona."

Chini ya mto lilichungulia jani refu la kijani, lenye ncha kali. Dismasi hakuligusa. Mtu yeyote wa pande hizi alilijua jani la sale, mmea ambao Wameru huupanda kwenye mipaka ya mashamba. Mmeru aliyekukosea akikuletea sale mkononi, anakuomba umsamehe, na wewe ukilipokea umekwisha kusamehe. Shauri limekufa, na hulifufui kwa mtu mwingine.

"Hilo jani ulipewa lini?"

Kisioki alilisukuma ndani zaidi. "Jani ni langu."

"Baba, kuna kijana yuko mahabusu kwa ajili ya mkono wako. Mika, dereva wa Mwalimu Nathanaeli. Leo mchana anapelekwa kortini."

Mzee aligeuka kwa ghafla mpaka maumivu yakamkunja uso. "Mika? Mika wa honi? Kwa nini yeye?"

"Wanasema ndiye aliyekugonga."

Kisioki aliuweka mkono wa kushoto juu ya mto uliolificha jani. Dismasi aliona wazi kwamba mzee huyu anaumia mahali pengine zaidi ya mkononi.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "nimepokea sale. Aliyenipa ni mtu wa rika langu, tulitahiriwa mwaka mmoja. Mimi sina mdomo tena katika jambo hili, unao yeye. Nenda kamtafute, na uende upesi."

* * *

Gereji ya Harnam ilikuwa nyuma ya soko. Harnam alikuwa Kalasinga mnene mwenye kilemba cha buluu, na alijisifia kazi zake bila kungoja mtu mwingine amsifie.

"Swichi ya Mwalimu? Mimi nimefunga! Kazi safi. Imetoka lori la jeshi, vita imekwisha, swichi bado hai." Alichukua waya mnene mezani akaonyesha. "Hii waya inatoka betri, inakwenda kwenye fremu ya gari. Nimekata hapa katikati. Swichi nimefunga chini ya kiti cha dereva, bolti mbili, haitikisiki. Ncha hii ya waya upande huu, ncha hii upande ule. Ukichomoa ufunguo, betri imelala kama mtoto."

"Mwalimu alikuambia anaitaka ya nini?"

"Alisema waya zamani, zimechakaa, umeme unavuja, anaogopa moto. Nikasema sawa, moto mbaya."

"Ulizikuta zimechakaa?"

Harnam alikuna ndevu. "Hapana sana. Lakini mteja akitaka kuogopa, mimi nitamkataza?"

"Hakuuliza jambo jingine?"

"Moja tu. Aliuliza, mtu mwingine anaweza kuchonga ufunguo wa tatu? Nikamwambia, hapa Arusha, hakuna. Akafurahi mno, akanishika mkono. Mimi nikashangaa. Mtu anaogopa moto, habari ya funguo ya nini?"

Dismasi naye alijiuliza hivyo hivyo njia nzima, akiwa ndani ya Landrova ya polisi, mpaka alipofika penye njia panda ya kwenda Akheri. Konstebo ndiye aliyekuwa akiendesha.

Pale njia panda aliketi Sinyati, mama wa Kiarusha aliyeuza maziwa kwa vibuyu, ng'ombe wake wanne wametawanyika barabarani kana kwamba serikali iliijenga kwa ajili yao. Dismasi alishuka, akamwamkia kwa Kimaasai na kumwita yeyo, yaani mama, naye akalainika.

"Jana ulikuwa hapa, yeyo?"

"Mimi siku zote niko hapa. Walokole wanakwenda kanisani, ng'ombe hawaendi."

"Uliliona gari la Akheri?"

"Lile la zamani? Lilipita mvua ikinyesha, polepole kama ng'ombe mwenye mimba. Hawa wangu walikuwa wamejaa njiani. Nikasema, leo Mika ataniua kwa honi yake." Alicheka, akafunika mdomo. "Halikupiga honi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Mtu wa ndani alitoa mkono nje ya turubai, akapiga mluzi wa kuchungia na kuwakemea ng'ombe kwa Kimaasai, kiume hasa. Wakapisha. Nikasema moyoni, huyu ni wa kwetu, na si mtoto. Vijana wa sasa hawajui tena kupiga ule mluzi."

"Ndani walikuwa wangapi?"

"Wawili. Sura sikuona, turubai lilifunika, lakini walikuwa wanacheka. Wanacheka kama vijana."

Dismasi aliyasikiliza maneno hayo mara mbili, mara ya pili akayarudia mwenyewe kwa sauti ya chini. Mika mwenye ufunguo angekuwa na honi. Mika mwenye ufunguo angeamsha hata wafu. Gari lililopita hapa jana lilikuwa linatembea, na betri yake ilikuwa imelala.

Walipanda na njia mpaka kwenye kijito ambako konstebo alimwokota Kisioki. Alama za matairi zilikuwa bado zinaonekana. Mahali pamoja zilikuwa zimedidimia, gari limesimama hapo kwa muda. Mbele ya pale, palipokuwa pua ya gari, tope lilikuwa limekanyagwa na katambuga za matairi, miguu miwili imepanuka na kuchimba chini kama ya mtu anayevuta kitu kizito. Mtu aliyegongwa hupatikana pembeni au nyuma, ameburuzwa. Huyu alisimama mbele ya gari kwa hiari yake, akiwa amelielekea.

"Tuliyaona hayo jana, Sajenti," alisema konstebo, "lakini tukafuata matairi."

"Matairi hayakosi kufika nyumbani," alisema Dismasi. "Twende."

* * *

Akheri ilikuwa imeoga. Majani ya migomba yalimetameta, kahawa ilikuwa imeanza kuwa nyekundu, na nyuma ya mapaa ya nyumba Mlima Meru ulikuwa umevua mawingu kwa muda mfupi kama unavyofanya baada ya mvua. Mwalimu Nathanaeli aliwapokea nje, shati limefungwa mpaka shingoni. Ulikuwa mwaka wa tano tangu aanze kufundisha skuli ya misheni, na hata huzuni yake ilikuwa na adabu ya darasani.

"Nakusihi tuseme polepole," alisema. "Baba hajui habari ya Mika. Moyo wake si mzima. Nimemwambia Mika amekwenda Moshi kutafuta tairi."

"Na jana? Baba alikwenda kanisani?"

"Alisema mgongo unamuuma. Alibaki."

Bandani gari lilisimama katika mwanga uliopenya kati ya boriti, na Dismasi aliposhika tu mlango wake moyo ulimdunda. Shaba za taa zilikuwa zile zile. Kiti cha nyuma, alipokuwa akikaa daktari, kilikuwa na viraka, na harufu ya ngozi ya zamani na petroli ilikuwa ile ile. Alitamani kukaa hapo kidogo bila kazi. Lakini saa ilikuwa inakwenda, na Mika alikuwa sakafuni.

Alipiga magoti, akaitazama swichi chini ya kiti cha dereva. Harnam hakusema uongo, ilikuwa kazi safi. Akamwomba Mwalimu ufunguo, akauchomeka na kuugeuza, kisha akabonyeza honi. Honi ililia, kuku wakaruka. Akauchomoa, akabonyeza tena. Kimya. Akakanyaga stata. Kimya.

"Unaona mwenyewe, Sajenti," alisema Mwalimu kwa masikitiko. "Bila ufunguo ni chuma tu. Nilimpenda Mika, lakini ufunguo wangu ulikuwa mfukoni mwangu kanisani. Sikuweza kuapa vinginevyo."

Dismasi alifungua boneti. Kabla ya vita alijifunza udereva kwenye lori bovu la shamba la mkonge, na lori lile halikuwa na betri kabisa, kwa kuwa mwenye shamba alikuwa bahili. Lilikuwa na magineto, kifaa kinachozungushwa na injini yenyewe na kutengeneza cheche zake. Alikitafuta hapa kwa vidole, akakipata ubavuni mwa injini, kimevaa vumbi na mafuta ya miaka mingi. Kisha akaja mbele ya gari na kuinama. Chini ya rejeta palikuwa na tundu lenye kifuniko kidogo cha shaba. Gari zima lilikuwa na tope, ila kifuniko kile kilikuwa kimefutwa, na pembeni yake pana alama ya dole gumba yenye grisi mbichi.

"Hendeli iko wapi, Mwalimu?"

"Hendeli gani? Siku hizi tunatumia stata."

"Mwalimu," Dismasi alisema taratibu, "ulipokwenda kwa Harnam, uliogopa moto, au uliogopa mtu?"

Mwalimu Nathanaeli alifungua mdomo kama wa kusahihisha kosa, akaufunga. Aliketi kwenye kibao cha kupandia gari, na ile adabu yote ya darasani ikamtoka.

"Macho ya Baba yanakwisha," alisema. "Kabla ya Pasaka nusura amgonge mtoto wa jirani. Hakumwona kabisa, Sajenti. Alidhani ni kisiki."

"Ukamwambia asiendeshe?"

"Ningemwambiaje? Mimi nimezaliwa nikamkuta usukanini. Skuli alinipeleka kwa gari hili, siku ya harusi yangu ni yeye aliyeendesha. Leo nisimame mbele yake niseme, Baba, hufai?" Alitikisa kichwa. "Nikatafuta kitu cha kumzuia ili nisiseme."

"Na Harnam?"

"Nimwambie Kalasinga kwamba namfungia baba yangu gari kama mwizi? Nikasema umeme unavuja."

"Ungemwambia kweli, angekata waya wa magineto, gari lingekufa kweli. Wewe uliomba betri ilale, na betri imelala. Injini hii haijawahi kuihitaji."

Mwalimu aliinua uso, na hofu mpya ilikuwa imeingia machoni. Kabla hajasema, fimbo ilisikika ikigonga mawe ya uani.

"Nimesikia honi," ilisema sauti ya mzee. "Mika amerudi Moshi?"

Mzee Ndesanjo alisimama mlangoni mwa banda, kepi ile ile kichwani, imepauka. Macho yake yalikuwa na utando mweupe. Alitazama upande wao kama mtu anayetazama mvua.

"Shikamoo, mzee," alisema Dismasi.

"Marahaba. Wewe si Mika."

"Mimi ni Dismasi, sajenti wa polisi. Mika hakwenda Moshi. Yuko mahabusu tangu jana. Wanasema alimgonga Kisioki na gari hili."

"Sajenti!" Mwalimu alisimama.

Mzee aliinua mkono kumnyamazisha. Hakutetemeka wala hakushika moyo wake. Aligeuka, fimbo ikagonga mawe mpaka ndani ya nyumba, na aliporudi alikuwa amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia. Alikifungua. Ilikuwa hendeli, imepakwa mafuta, haina hata chembe ya kutu.

"Ilikuwa chini ya kitanda changu," alisema. "Nathanaeli, ufunguo wako umeuchomoa?"

"Ndiyo, Baba."

Ndesanjo alipapasa pua ya gari, akafungua kifuniko bila kukitafuta na kuchomeka hendeli. Kisha akaenda usukanini, akashika kijiti kidogo kilichokuwa pembeni yake na kukirudisha nyuma mpaka mwisho, akakipapasa mara mbili kuhakikisha. "Zungusha, kijana. Dole gumba usilikunje, liweke upande mmoja na wenzake."

Dismasi alizungusha. Mara ya kwanza gari lilikohoa. Mara ya pili likaitika, likanguruma banda zima, na Mwalimu Nathanaeli akabaki ameshika ufunguo wake mkononi akilitazama kama mtu aliyeona maiti imeketi. Dismasi alijikuta anacheka. Alitaka kupiga makofi.

Mzee alizima injini.

"Kijiti hiki kinasema cheche zije mapema au zichelewe," alisema. "Wakati wa kuzungusha lazima zichelewe. Zikija mapema, hendeli inarudi nyuma kwa nguvu. Kazi ya kukirudisha ni ya dereva, na utingo anamwamini. Miaka yote Kisioki aliniamini, na sikuwahi kumwangusha."

"Kisioki ndiye aliyekuwa utingo," alisema Dismasi, na sura ya yule kijana mrefu ikamjia, ikaungana na ya mzee wa kitandani.

"Nani mwingine? Nilimtumia salamu aje watu wakiwa kanisani. Nilitaka niuone Mlima kutoka kwenye njia ile, mara moja zaidi, kabla haujawa ukungu mtupu. Yeye alikuwa macho yangu. Alisema kushoto, kulia, ng'ombe, shimo. Kijitoni tulisimama kuutazama, injini ikazimika. Akashuka kuzungusha." Alikishika tena kile kijiti. "Nilikitazama kijiti, nikakiona kimerudi. Hakikuwa kimerudi. Nikasikia mfupa."

Mwalimu aliketi tena kwenye kibao cha kupandia.

"Nilichuma sale mpakani kwa mtu nikampa. Akapokea. Alinishika mkono akaniambia cha kufanya, kwamba nizungushe mwenyewe, nilirudishe gari kabla kwaya haijamaliza, yeye atapata lori la kumpeleka mjini. Hakutaka wewe ujue, Nathanaeli. Nikaja polepole, gurudumu moja majanini, nikiyasikiliza. Nilidhani jambo limekwisha. Kumbe mtoto wa watu analala sakafuni kwa ajili yangu."

"Baba," alisema Mwalimu, na machozi yalimtoka bila kujificha, "mimi ndiye niliyefunga swichi ile. Si kwa ajili ya moto. Ni kwa ajili yako."

"Najua. Moto gani? Waya za gari hili nimezifunga mwenyewe." Mzee alichomoa hendeli, akaifuta grisi kwa gunia na kumnyooshea mwanawe kwa mikono miwili. "Ungeniomba hii, ningekupa."

* * *

Dismasi ndiye aliyeendesha kushuka mjini, ufunguo wa Mwalimu umechomekwa chini ya kiti. Mzee Ndesanjo alifungua mlango wa nyuma mwenyewe, akakaa pale alipokuwa akikaa daktari, na mwanawe akakaa pembeni yake na hendeli mapajani. Njia nzima mzee hakuuliza wako wapi. Alikuwa anazijua kona.

Uani mwa kituo Inspekta alitoka na kikombe chake cha chai. Alielezwa aliyoyasema Mzee, akawekewa funguo zote mbili mkononi na kuambiwa azishike, na Dismasi akazungusha hendeli mbele yake. Injini iliponguruma, Inspekta alizitazama funguo, akalitazama gari, akainywa chai iliyobaki kwa mkupuo.

"Hiyo inaonyesha gari linaweza kwenda," alisema. "Haionyeshi nani alikwenda nalo. Mzee yeyote angesema hivyo kumwokoa dereva wake. Mgonjwa mwenyewe aseme, na asiambiwe kitu kwanza. Nitamsikiliza mimi."

Basi Mika alitolewa akiwa na pingu, akaketishwa mbele karibu na Dismasi, Inspekta akafuata na Landrova. Mika hakuelewa lolote. Aliona tu Mzee nyuma, mahali ambapo hakuwahi kumwona amekaa. Ufunguo ulikuwa umerudishwa kwenye swichi. Walipofika lango la hospitali palikuwa na mbuzi mmoja, wala hakuwa njiani. Mika alimtazama mbuzi. Mikono yake yenye pingu ikanyooka yenyewe mpaka kwenye usukani na kubonyeza honi, ndefu, kama siku zote.

Kisioki alikuwa ametolewa kuota jua barazani. Inspekta alimfikia wa kwanza, akasimama pembeni bila kusema neno, Dismasi naye akasimama. Ndesanjo alikuja nyuma yao, ameshikwa kiwiko na mwanawe, na kwa kuwa hakuona ngazi, alizipanda akizihesabu kwa fimbo.

Kisioki hakumtazama Inspekta wala pingu za Mika. Alimtazama mtu wa rika lake, akanyoosha mkono wa kushoto.

"Nimesikia honi, Ndesanjo," alisema, "nikajua leo si wewe uliyeshika usukani."

"Si mimi," alijibu Ndesanjo. "Sema yote, ndugu yangu. Nimekwisha kusema."

Inspekta alikunja midomo: mgonjwa alikuwa amemtaja dereva wa jana bila kuulizwa. Kisha akamwinamishia Dismasi kichwa kukubali, na Dismasi akatoa ufunguo mdogo mfukoni na kumfungua Mika pingu.